Mama Mkwe wa Kambi Nzima

Mwalimu wa Hesabu alikuwa mama asiyependa kukalia kiti cha mwalimu. Kiti kilikuwepo, cha mvule, chenye mikono miwili, na yeye alikitumia kuwekea kikapu chake cha mboga. Likizo ilipofika na shule yetu ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikabaki kimya, alifungua darasa la mwisho, akajibana kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi mgeni, akampa chaki mmoja wetu.

"Haya," alisema. "Nifundishe."

Sisi tuliofundisha tulikuwa wanafunzi wake wa zamani. Tulishapita mikononi mwake, tukaenda mbali kusoma kidato cha tano na sita, na sasa tulikuwa chuo kikuu, Nairobi, tukisomea uhandisi. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na wasichana wa masomo hayo kutoka upande wetu wa mpaka tulitosha dawati moja na nafasi ikabaki: mimi niliye Mteso wa Angurai, na Zaituni, binti wa mwenye duka Mwislamu wa Busia mjini. Mara nyingine walikuja vijana wawili watatu wa kiume waliosoma pamoja nasi. Mwalimu aliwakaribisha pia, ila kwanza aliwatuma maji kisimani. "Nyinyi huko chuoni mna wa kuwasaidia kila mlango," aliwaambia. "Hapa mtaanza na ndoo."

Tulichosoma chuoni kilikuwa kimempita, na hakuficha jambo hilo. Alisema wazi kwamba hesabu zake ziliishia pale zetu zilipoanzia. Lakini alikuwa amegundua kitu ambacho nimekitumia maisha yangu yote: mtu akishindwa kumweleza jambo msikilizaji mwerevu asiyelijua, basi yeye mwenyewe hajalielewa. Kwa hiyo alitufanya walimu wake. Nakumbuka nilivyojaza ubao siku moja kwa mambo ya boriti na mizigo, nikapiga mstari chini kwa fahari. Mwalimu akaelekeza kidole katikati ya boriti.

"Sasa nieleze. Boriti ikielemewa katikati, itapasuka juu au chini?"

"Chini, Mwalimu."

"Kwa nini isiwe juu?"

Nikatazama ubao. Jibu lilikuwa humo ndani, nimeliandika kwa mkono wangu, nami sikuliona. Mwalimu akanyoosha mkono kwenye kikapu, akatoa muhogo mbichi, akaulaza juu ya matofali mawili, akaniambia niukandamize katikati. Ukapasuka kwa chini, ufa ukipanda taratibu. Juu muhogo ulikuwa unabanwa, na chini ulikuwa unavutwa. Niliuona ule ufa, na herufi zote za ubaoni zikaanza kuwa na maana. Jioni ile tuliula muhogo wenyewe, umechemshwa na chumvi.

Hakuruhusu mtu aseme "sijui" akaishia hapo. "Usiniambie hujui. Niambie ulifika wapi kabla hujapotea, turudi hapo pamoja." Nimelisikia neno hilo kwa sauti yake katika vyumba vingi vya mitihani.

Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, la wale wasiotaka hata harufu ya pombe iguse nguo zao. Na bado somo lake lililotufurahisha kuliko yote alilifundisha kwa vifaa vya pombe. Kwetu Wateso, wazee huketi kukizunguka chungu kimoja cha ajon, pombe ya wimbi inayomiminiwa maji moto, kila mmoja na mrija wake mrefu unaofika hadi chunguni. Mwalimu alikwenda kwa mzee jirani yake.

"Mzee, niazime chungu na mirija."

Mzee akasimama. "Mwalimu! Leo umeuacha wokovu?"

"Chungu kitupu, mzee. Na mirija iwe imeoshwa."

"Sasa hiyo si ni kama kuazima ng'ombe bila maziwa?" mzee alisema, lakini akatoa.

Wakati huo tulikuwa bado kidato cha nne. Aliweka chungu uani, akakijaza maji ya kisima, akatuketisha kama wazee. Zaituni alisita, na sote tulijua sababu: mirija ile ilikuwa ya pombe, na kuosha si kila kitu. Angeweza kuambiwa akae kando atazame. Lakini Mwalimu alikuwa amemfikiria tangu asubuhi, akampa sindano. "Wewe ndiye mtaalamu leo. Hawa ni walevi tu." Tukavuta maji, yakapanda. Akauliza kwa nini yanapanda. Tukasema kwa sababu tunayavuta. Akamwashiria Zaituni, naye akatoboa mrija wangu juu kidogo ya maji. Nikavuta hadi mashavu yakauma, nikaambulia upepo. Hapo akatueleza polepole kwamba hatukuwa tunayavuta maji hata kidogo. Hewa ya nje ndiyo iliyoyasukuma, kwa uzito wake, kuja mahali ambapo sisi tumeiondoa. Zaituni alipotoboa mrija, aliipa hewa njia ya mkato.

Mchungaji akapita na baiskeli yake. Akaona wasichana wa shule wamekizunguka chungu, mirija mdomoni, na Mwalimu amesimama katikati yao.

"Mwalimu! Ni nini hii?"

"Ni uzito wa hewa, Mchungaji. Karibu mrija."

Mchungaji akashuka, akanusa, akaonja. Jumapili ile hakuhubiri juu ya ulevi, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

Watu wengi walidhani kazi yake kubwa ilikuwa hesabu. Mimi nadhani kazi yake kubwa ilikuwa kujua kitu gani hasa kinamzuia mtu, maana mara nyingi si kile kinachotajwa. Chukua habari ya baba yake Zaituni. Mjini ilisemekana mzee yule hataki binti asome kwa sababu ya dini. Wengine wangekwenda kubishana naye juu ya dini. Mwalimu alikwenda dukani kwake kununua kiberiti. Kesho yake sabuni. Keshokutwa chumvi. Aliketi kwenye gunia, akauliza habari za bei na za malori ya Uganda, hakutaja shule. Hatimaye mzee akachoka kungoja.

"Mwalimu, najua wewe hukuja kwa kiberiti."

"Kiberiti nilikihitaji pia, mzee."

"Basi nikuulize. Huko Nairobi binti yangu atakula kwa nani? Nyama imechinjwa na nani? Mwezi wa Ramadhani nani atamwamsha daku?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima usingizi. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mwalimu alisema hajui, ila atatafuta. Aliuliza kwa wenye malori, kwa maimamu, kwa mwanamke mmoja aliyeuza kofia sokoni, hadi akapata familia ya Kiislamu Nairobi iliyokuwa tayari kumpokea binti, akampeleka mzee mwenyewe akawaone. Mzee aliporudi, alifunga mizigo ya binti yake kwa mkono wake.

Kwangu mimi kizuizi kilikuwa kidogo zaidi na cha aibu zaidi. Niliporudi likizo ya kwanza kutoka chuoni nilikuwa nimekonda, na alama zangu za karakana zilikuwa mbaya. Nilijiandaa kueleza. Hakuuliza alama.

"Choo kiko wapi?"

"Kipi, Mwalimu?"

"Kule karakana. Cha wanawake."

Nikamwambia. Hapakuwa nacho. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya wanaume, na mimi nilivuka uwanja mzima hadi jengo jingine, kwa hiyo asubuhi sikunywa hata chai ili nisihitaji kwenda. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mtu anayefikiria choo asubuhi nzima hawezi kufikiria chuma," alisema. "Wewe si mjinga. Una kiu." Akaniagiza niende kwa mkuu wa karakana, nisiombe huruma, niombe ufunguo wa choo kimoja cha wahadhiri. Nilikwenda, nikaomba, nikapewa. Sikuwahi kufeli karakana tena. Naandika haya makusudi, kwa ajili ya wale wanaodhani kumsaidia msichana katika masomo haya ni kumwambia tu ajitahidi.

Pia alitwambia tukae mbele darasani. "Wewe uko peke yako, kila mtu atakuona popote utakapokaa. Heri waone uso wako kuliko kisogo."

Nisimfanye malaika. Alikuwa na upendeleo, na wale wavulana wa ndoo watakuambia. Alikuwa mkali kwa mtu aliyechelewa, na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali. Alitupeleka tukasomee mashine, na baiskeli yake ikitoboka tairi aliisukuma hadi mjini, akakataa katakata nimwonyeshe namna ya kuziba. "Hiyo ni kazi ya fundi," alisema. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akacheka, akaendelea kusukuma. Na aliogopa vyura. Hakuogopa nyoka wala wazee wa bodi ya shule, ila chura akiruka njiani Mwalimu wa Hesabu alipiga kelele iliyosikika ng'ambo ya mpaka.

Hili la vyura lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya kambi.

Chuoni kwetu, baada ya mwaka wa pili, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi ya mikono mahali pa ujenzi katika likizo ndefu, na mhandisi wa mahali hapo athibitishe kwamba mwanafunzi amepima na kuchora mwenyewe, si kutazama tu. Asiyekuwa na uthibitisho hakuingia mwaka wa tatu. Zaituni, aliyesomea umeme, alipata nafasi Kisumu na kulala kwa mjomba wake. Mimi nilisomea barabara na madaraja. Niliomba huku na huku, nikakataliwa. Mwisho nikasikia wanatengeneza barabara ya kutoka Malaba kuja Busia, karibu na nyumbani. Nikaenda na Mwalimu kambini.

Mhandisi wa kambi alitupokea vizuri, akatupa hata soda. "Sina ubaya na binti," alisema. "Lakini hapa ni wanaume watupu na mahema. Nikimweka, likitokea jambo nitajibu nini?"

"Shida ni hesabu yake au ni hema?" Mwalimu aliuliza.

"Ni hema, Mwalimu. Hesabu yake nimeiona."

"Basi hema nitaleta. Na wa kulala naye pia nitaleta."

Nilidhani atatafuta bibi mmoja wa kijijini. Juma lililofuata alishuka kwenye lori la kokoto akiwa na hema aliloazima kwa wasichana wa skauti, blanketi, Biblia, na furushi la karatasi za mitihani za kusahihisha. Alikuja kukaa likizo yake yote. Kambi ilikuwa kando ya kinamasi, na vyura wa pale waliimba kama kwaya. Alilala miguu ikiwa juu ya sanduku, na kila asubuhi aliniambia amelala vizuri.

Jioni ya kwanza, wafanyakazi walipokusanyika kula, alisimama mbele yao.

"Wanangu, hapa mna mama wakwe?"

Wakacheka. Walikuwa Waluhya na Wateso wengi wao, na wote walikuwa nao.

"Mnawapitia karibu? Mnawashika mkono?"

"Aa, mama! Hiyo ni mwiko!"

Huenda msomaji wa mbali hajui. Kwetu mwanamume humheshimu mama mkwe kwa kumkwepa. Haketi naye, hali mbele yake, akimwona njiani anaingia kichakani hadi apite. Si chuki, ni heshima ya juu kabisa.

"Basi kuanzia leo," alisema Mwalimu, "mimi ni mama mkwe wenu. Wote."

Kijana mmoja wa Malaba akapaza sauti kutoka nyuma: "Sasa mama, kama wewe ni mkwe yetu, huyu binti ni bibi ya nani?"

"Mahari bado haijakubaliwa," alisema Mwalimu. "Na mimi ni mgumu sana."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Lakini kati yao alikuwepo mnyapara, mzee kiasi kutoka Adungosi, mtu wa mila, na yeye hakucheka. Alikwishageuza uso pembeni. "Mambo ya mkwe si ya kuchezea," aliwaambia wengine. "Akisema yeye ni mkwe, ni mkwe." Tangu siku ile hakuna mwanamume aliyekaribia hema letu. Waliokwenda mtoni walizunguka njia ndefu. Sijawahi kulala mahali palipokuwa salama kuliko pale, na hapakuwa na mlango wala kufuli.

Ila heshima ile ilikuja na taabu yake. Mnyapara, kwa sababu mimi ni binti wa mkwe, hakutaka nifanye kazi. Nilipokwenda kwenye kipimio, ile darubini ya miguu mitatu inayoonyesha mahali pa juu na pa chini, alisimama mbele yake.

"Kaa kivulini, binti ya mkwe. Jua litakuharibu."

"Lakini mzee, lazima nipime mtaro."

"Utapima. Leo hesabu karai za kokoto."

Kesho ikawa karai, na keshokutwa karai. Mhandisi alikuwa na kambi nyingine za kusimamia, alikuja mara moja moja, akaniona niko kivulini, akatikisa kichwa. Likizo ilikuwa inakwisha. Nikamwambia Mwalimu kwamba nitarudi chuoni na ujuzi wa karai, na huo ndio utakuwa mwisho wangu.

"Umemweleza unachojua?" aliuliza.

"Hanisikilizi."

"Basi nieleze mimi kwanza."

Mchana ule alichukua karatasi zake, tukatembea hadi mahali ambapo kalvati kubwa za saruji, mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, zilikuwa zimelazwa nyasini zikingoja kuchimbiwa. Palikuwa na upepo mzuri. Mwalimu akapanda juu ya kalvati moja, akaketi, akavua viatu.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba mnyapara alikuwa akikagua kalvati zile. Alipotuona tunakuja, hapakuwa na kichaka karibu. Mtu wa heshima zake angefanya nini? Aliingia ndani ya kalvati, akakunja miguu, akangoja tupite. Na mama mkwe akaja kuketi juu yake.

"Haya," alisema Mwalimu. "Mimi ni maji ya mvua. Nimetoka kule mlimani, nimefika hapa. Nifanye nini?"

Nikaanza. Nikamwambia kalvati ikilazwa sawa kabisa, maji yatapita polepole, mchanga utatua, na baada ya msimu mmoja bomba limeziba. Ikilazwa kwa mteremko mkali, maji yatatoka kwa kasi na kula udongo wa upande wa pili mpaka barabara ibaki inaning'inia. Kwa hiyo tunatafuta mteremko wa katikati, na hapo ndipo kipimio kinapohitajika, kwa sababu jicho hudanganywa na ardhi.

"Mimi jicho langu halidanganyiki," alisema Mwalimu kwa uchokozi. "Pale naona panashuka kuelekea Busia."

"Panapanda, Mwalimu. Barabara ndiyo inayokudanganya, imekatwa ndani ya kilima. Ungepima ungeona."

Nikachora ardhini kwa kijiti, nikamwonyesha namna ya kusoma namba za fimbo ya kupimia, ya mbele na ya nyuma, na kutoa moja kwenye nyingine. Akauliza tena na tena, nami nikaeleza tena na tena, na kadiri nilivyoeleza nilisahau karai na mwaka wa tatu, nikabaki na maji tu.

"Na kama mvua inaleta majani ya ndizi?"

Sauti ilitoka chini yetu. Mwalimu alikaribia kuanguka.

"Nani huyo?"

Jibu likaja, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi: "Hakuna mtu hapa, mama mkwe."

Nikaelewa. Nikajitahidi nisicheke, kwa sababu swali lilikuwa zuri na lilistahili jibu. Nikainama kidogo, nikaiambia kalvati kwamba majani yananaswa kabla ya kuingia, kwa kuchimba shimo pana kidogo mbele ya mdomo wa bomba, ambalo mtu anaweza kulisafisha kwa jembe.

"Upana gani?" kalvati ikauliza.

Nikaieleza. Ikauliza juu ya matope. Ikauliza ingekuwaje kama mtaro unakata kona. Mwalimu alisikiliza mazungumzo yetu akiwa ameshika mdomo, machozi ya kicheko yakimtoka. Mwishowe sauti ikasema, kwa unyonge: "Mama mkwe, tafadhali. Angalia upande wa Uganda. Mguu imekufa ganzi."

Mwalimu akageuza uso upande wa Uganda, akafumba na macho kwa nyongeza. Mnyapara akatoka akichechemea, akakimbia.

Asubuhi iliyofuata alinijia, akasimama mbali na hema, kipimio begani. "Binti ya mkwe, kamata hii chombo. Kijana atashika fimbo. Mimi nitakuwa nyuma." Nilipima mtaro ule wote hadi kwenye kona, nikauchora, wakauchimba kama nilivyochora. Nilikosea mahali pamoja, nikaona mwenyewe, nikapima upya mbele yao wote, na mnyapara akawaambia waliocheka kwamba hata yeye anapopima hupima mara mbili. Mvua ilipokuja, watu waliacha chai, wakasimama kando ya barabara kutazama. Maji yakaja na majani na uchafu wote wa kilimani, yakatua kidogo shimoni, yakaingia kwenye kalvati, yakatoka upande wa pili yakitembea kama mtu asiye na haraka. Mhandisi alipofika hakuniuliza. Alimwuliza mnyapara nani aliupima mtaro, akajibiwa, akaja kunipa mkono, akaandika uthibitisho.

Hivyo nikaingia mwaka wa tatu, na wa nne, nikamaliza.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa jasiri. Lakini nilipomaliza, nikapangiwa kazi ya barabara upande wa Kitui, nilikaa na habari ile siku kadhaa bila kufunga mizigo. Nilikuwa nimechoka kuwa wa peke yangu. Nimechoka kuwa jambo la ajabu kila nilipoingia mahali. Nikapita shuleni kwetu kusalimia, na mwalimu mkuu akaniambia wanatafuta mwalimu wa hesabu wa pili. Mwalimu wangu alikuwa akiyafundisha madarasa yote peke yake kwa miaka mingi, sauti yake sasa ilikuwa inakatika kufikia mchana, na kila mwaka aliomba asaidiwe. Ningeweza kuanza muhula unaofuata. Nilihisi mlango umefunguka. Ningelala nyumbani, ningemsaidia mtu ninayempenda, na hakuna ambaye angenilaumu.

Nikaenda kwake mbio, begi mkononi, kumwambia. Nilimkuta uani akichambua mboga za kunde. Alikuwa amepungua mwili, na sauti yake kweli ilikuwa inakwaruza. Nikamweleza yote kwa furaha. Akaweka mboga chini.

"Umekuja kunisaidia, au umekuja kujificha?"

Hakunizoesha kumdanganya. "Vyote viwili, Mwalimu."

"Cha kwanza nakushukuru, mwanangu. Cha pili siwezi kukupokea."

"Lakini unahitaji mtu. Umeomba miaka."

"Nimeomba. Na ualimu si kazi ndogo, usidhani naudharau. Ungeutaka tangu mwanzo ningekubeba mgongoni. Lakini hukuutaka. Ulitaka barabara." Akakohoa, akangoja sauti irudi. "Kuna wasichana kidato cha pili pale. Wananiuliza: yule wa kwanza alifika wapi? Nikikuweka hapa, nitawaonyesha darasa lililo karibu na langu. Nitasema, alifika Nairobi akarudi."

"Kitui sitakuwa na mtu."

"Mwanzoni hutakuwa naye. Ukifika, tafuta choo kiko wapi. Tafuta mama wa kukupangisha chumba. Mtafute mnyapara, umweleze unachojua, na umsikilize anachojua. Haya unayajua, sikufundishi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na ukichoka kweli, ukichoka baada ya kujaribu, njoo. Mlango huu haufungwi kwa aliyejaribu. Lakini leo umefungwa."

Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia. Alinipa ugali na zile kunde, akaniamuru nimalize, kisha akabeba begi langu mwenyewe hadi barabarani, akipumzika njiani kila baada ya hatua chache, akikataa nimpokee. Alinisimulia habari ya msichana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa ameanza kumbishia ubaoni, na uso wake ukang'aa.

Basi likaja likitokea upande wa mpaka. Taniboi, utingo wa basi, akaruka chini, akalinyakua begi kutoka mkononi mwa Mwalimu, akatutazama sote wawili, mimi na macho mekundu, Mwalimu amesimama wima kama mlingoti.

"Mama, huyu dada anaenda wapi?"

Nilifungua mdomo, lakini Mwalimu alinitangulia, kwa ile sauti iliyobaki.

"Kazini," alisema.